Matundu Juu ya Dirisha

Jumatatu, 2 Juni

Mativo amepanda ukingo wa barabara na lori la mikate. Hakuumia, hakuumiza mtu, na mikate yenyewe ilifika madukani ikiwa imebonyea kidogo tu. Lakini tajiri wake amemwambia kwamba akisinzia tena kwenye usukani, asirudi kuchukua funguo. Ameniambia haya asubuhi akiwa amesimama mlangoni, viatu mkononi, wakati mimi natoka kwenda Jericho, kwenye shule ninakofanya ukarani. Nimeshinda ofisini naandika majina ya wanafunzi huku naona lori limepinduka. Naogopa. Niandike hivyo kwanza, mengine yafuate.

Mume wangu huendesha usiku na kulala mchana. Kwa miaka mingi haikuwa shida, Komarock ni mtaa wa watu wanaokwenda kazini, na mchana ungeweza kusikia jirani akichambua mchele. Tangu Januari, Mama Hibaq, jirani wetu Msomali wa nyuma, amefungua kituo cha kulea watoto uani kwake. Ukuta wa nyuma wa nyumba yetu ndio mpaka, na dirisha la chumba chetu cha kulala linatazama uani huko huko. Mativo akijifunika tu, watoto wanatolewa nje kucheza.

Jumatano, 4 Juni

Mativo anasema leo wameimba kuhusu ndizi mpaka ndizi zikaisha, kisha wakaanza upya. Amelala kama robo saa.

Ijumaa, 6 Juni

Nilirudi mapema nikamkuta ameketi kitandani, blanketi mabegani, anatazama ukuta. Nje watoto wanapiga sufuria. Akaniambia kwa upole kwamba labda mimi, kwa kuwa ni mwanamke mwenzake, ningekwenda kusema na Mama Hibaq.

Nimekataa. Hapa mtaani anayelalamika wa kwanza ndiye anayeonekana mbaya. Kwenye njia yetu kuna familia mbili ambazo hazijasalimiana tangu ugomvi wa mfereji wa maji, na watoto wao sasa wana watoto. Sitaki kuanzisha wetu. Na nikasema zaidi, nimesimama pale pale chini ya dirisha. Nikasema hawa watu wanahamia kutoka Eastleigh wananunua nyumba mbili mbili, wanaleta ndugu na masufuria, nyumba moja inakuwa duka na shule na makazi, halafu sisi tuliozoea utulivu ndio tukabembeleze. Mativo akanyoosha mkono akaniambia nipunguze sauti. Nikamjibu kwamba yangu ni moja, zao ni nyingi. Nikaona nimesema maneno mazuri sana.

Nitabadilisha dirisha. Hakuna haja ya kusema na mtu.

Jumanne, 10 Juni

Sikujua kioo kina mambo mengi hivi. Fundi anaitwa Mureithi, ana karakana ya aluminiamu upande wa Kariobangi, na mdomo wake haupumziki. Amekuja kuangalia dirisha letu la chuma, lile la tangu nyumba ijengwe, puti inayoshika kioo imekauka na kukatika hata upepo unapita ukitaka. Amelicheka, kisha akaniomba msamaha kwa kulicheka.

Amenieleza hivi. Kioo chembamba cha kawaida hakizuii kitu, ni cha kuzuia mvua na mbu. Kioo kinene ni afadhali. Kuna kile chenye utando wa plastiki katikati, ukikigonga kinatoa sauti kama meza badala ya kulia kama gilasi. Kuna cha tabaka mbili, vioo viwili na hewa imefungiwa kati yao, na hicho kinazuia na baridi pia. Akasema vioo hivyo viwili visilingane unene, ili sauti ikifaulu kupenya cha kwanza ikwame kwa cha pili. Na dirisha lisiwe la kuteleza, maana la kuteleza halibani. Liwe la kufungua kwa bawaba, lenye raba kuzunguka fremu yote.

"Mathe, ukifunga hiyo, hata jirani akichinja ng'ombe hutajua," akaniambia.

Nilicheka. Nimechagua tabaka mbili. Bei siiandiki hapa, itanitia uchungu kila nikifungua ukurasa huu.

Jumamosi, 14 Juni

Dirisha limefungwa. Vyuma vya kuzuia wezi vimebaki kwa nje kama zamani. Ni zuri jamani. Nimelifungua na kulifunga mara nyingi kama mtoto aliyepewa mwavuli.

Jumatatu, 16 Juni

Kelele zipo. Zimepungua, lakini zipo, na sasa zinasikika vizuri zaidi, maneno yamejitenga. Mativo amelala vibaya. Najiona mjinga.

Nimesimama juu ya kiti na kusikiliza. Haziingii kwenye kioo. Zinaingia juu yake, kwenye yale matundu ya hewa yaliyoachwa ukutani tangu nyumba ijengwe, yenye wavu wa mbu uliojaa vumbi. Kila nyumba ya hapa inayo. Nimeyatazama miaka yote hii bila kuyaona. Tumetia kioo cha waziri na juu yake tumeacha ukuta wazi.

Jumanne, 17 Juni

Tumeyaziba. Nilikata sponji ya godoro la zamani la Nzivo, binti yetu, aliye chuoni, nikaipaka gundi, nikasukuma vipande kimoja kimoja kwa mwiko. Mativo alishika kiti. Juu nikabandika kadibodi na kupaka rangi ya ukuta. Huwezi kujua palikuwa na tundu.

Alhamisi, 19 Juni

Mativo amelala mchana mzima. Mchana mzima. Nimesimama mlangoni kumwangalia akikoroma, na nimelia kidogo kwa furaha.

Jumanne, 24 Juni

Mwaitu amefika kutoka Makueni, kwa ajili ya kliniki ya macho. Ni mama yake Mativo, jina lake Ndete, lakini hapa nyumbani sote tunamwita mwaitu. Atakaa mpaka Agosti. Amekuja na kuku mmoja, mbaazi, na kiondo ambacho hajamaliza kusuka. Anataka tumalizapo kliniki nimpeleke sokoni Kariokor akachague ngozi ya mikono ya kiondo mwenyewe, kwa sababu hamwamini mtu mwingine kuchagua.

Ameshika kioo kipya akasema ni baridi. Kisha akaniuliza mbona chumba kimekuwa kimya kama ndani ya mtungi. Nikamweleza kwa majivuno.

Jumapili, 29 Juni

Jua halijaonekana wiki nzima. Mwaitu anavaa sweta langu, juu yake lake, juu yake shuka. Kwao hata mwezi huu mtu hutoka jasho adhuhuri. Nimempa soksi, anazivaa pamoja na kandambili.

Jumatano, 2 Julai

Fremu ya dirisha inatoka maji. Kioo chenyewe kikavu, lakini aluminiamu inalowa kila ninapoamka, na kona ya ukuta juu ya kabati imeanza kupata ukungu mweusi. Nafuta na kitambaa asubuhi, kesho yake umerudi. Nimempigia Mureithi simu. Amesema baridi ikipungua utaisha.

Ijumaa, 4 Julai

Nimefuta ukungu.

Mwaitu amepata rafiki. Kila asubuhi nikishaondoka na Mativo akishalala, anachukua kiondo chake anakwenda kuketi mlangoni kwa Mama Hibaq. Wanazungumza nini, sijui. Kiswahili cha mwaitu ni cha sokoni. Amerudi na chapati zao laini zenye vitundu, akanisifia watoto wale kwa majina. Nilimjibu kwa mkato na akaniangalia. Sikupenda alivyoniangalia.

Jumanne, 8 Julai

Ukungu tena. Baridi. Mativo analala vizuri, tajiri wake amemsifu.

Jumamosi, 12 Julai

Mwaitu analalamika kwamba mwanawe analala kwenye chumba cha barafu. Nimemwonyesha mablanketi. Amesema blanketi halina moto wake lenyewe, linangoja mwili uanze. Tumecheka. Ninampenda huyu mama, ingawa ananyanyua vifuniko vya sufuria zangu zote.

Alhamisi, 17 Julai

Naandika haya hospitalini, nyuma ya fomu za shule nilizokuwa nazo kwenye mkoba. Nitayanakili baadaye. Wako hai wote wawili. Nimeandika hilo kwanza ili nikisoma siku moja nisianze kuogopa upya.

Juzi, Jumanne, ilikuwa baridi ya kukata. Mwaitu hakwenda kwa Mama Hibaq. Aliwasha jiko la makaa nje ya jikoni, akangoja makaa yakawa mekundu na moshi ukaisha kabisa, kama alivyofundishwa tangu msichana, kisha akalibeba akaliweka chumbani karibu na miguu ya mwanawe aliyelala. Akafunga mlango. Akalaza leso chini ya mlango upepo usipite. Akafungua pazia apate mwanga, akaketi kwenye kigoda kusuka.

Nyumbani kwake amefanya hivyo kila msimu wa baridi, maisha yake yote, na amelea watoto saba kando ya jiko. Lakini kule kati ya ukuta na mabati pana nafasi ya paka kupita. Hapa palikuwa na matundu, na matundu nilikuwa nimeyaziba mimi.

Mama Hibaq aliona mwaitu hajafika. Akangoja. Alipotoka kuanika nguo akatazama dirishani kwetu, akamwona mwaitu ameegemeza kichwa kwenye ukingo wa kitanda na kiondo kimeanguka. Akamwita. Akapiga vyuma vya dirisha kwa mkono. Anasema alipiga kelele mpaka watoto wote wakaanza kulia, na ndani hakuna aliyejigeuza, wala Mativo wala mama. Alikimbia akazunguka mpaka kwenye geti letu, lakini lilikuwa limefungwa kwa ndani. Akarudi, akachukua mchi wa kinu, akaupitisha kati ya vyuma na kukipiga kioo.

Haya ameniambia mwenyewe kwenye benchi la hapa nje, mikono yake imefungwa bandeji.

"Kikavunjika, nikasema alhamdulillahi. Kusukuma mchi, kumbe ndani kuna kingine. Mama Nzivo, mimi sijawahi kuona dirisha la hivyo. Nikapiga, nikapiga. Nilikuwa nawaona tu na siwezi kuwafikia."

Cha pili ndicho kile kinene. Nilikichagua mimi.

Kilipovunjika hatimaye, hewa ikaingia. Kaka yake, Sharmarke, anayeuza vitambaa kwa jumla, alikuwa ameshavunja kufuli la geti. Waliwatoa nje wakawalaza uani, kisha wakawaleta hapa kwa gari lake la mizigo, juu ya majora ya vitambaa. Nilipopigiwa simu shuleni, Mama Hibaq alisema, "Wako hai, lakini njoo." Sikumbuki nilivyofika.

Daktari amesema makaa mekundu ndiyo mabaya zaidi, kwa kuwa yanatoa hewa ya sumu bila moshi wa kumwamsha mtu. Mwaitu ndiye aliyeathirika zaidi, alikuwa karibu na jiko. Amezinduka jana jioni na jambo la kwanza ameuliza kama mwanawe alipata joto.

Jumapili, 20 Julai

Tuko nyumbani. Mativo anaumwa kichwa lakini anatembea. Mwaitu hajashika kiondo chake. Ndugu zake Mativo wamepiga simu mmoja baada ya mwingine kumgombeza mama yao, mtu mzima kuingiza jiko chumbani. Nimechukua simu nikawaambia jiko lisingemdhuru mtu kama mimi na ndugu yao tusingeziba ukuta. Mmoja akasema tumekuwa wazungu. Nimekubali, nilikuwa nimechoka kubishana.

Nimezing'oa zile sponji zote. Zilitoka nyeusi, zimelowa.

Jumanne, 22 Julai

Dirishani tumetundika nailoni. Upepo ukivuma inapiga kama mtu anapiga makofi. Tajiri amempa Mativo ruhusa mpaka tarehe kumi mwezi ujao.

Jumamosi, 26 Julai

Nimekwenda kwa Mama Hibaq. Ni mara yangu ya kwanza kuingia ndani kwake tangu ahamie, na sasa ni miaka mitatu. Nilipeleka mbaazi na yule kuku wa mwaitu, ameshapikwa. Nilijipanga njiani nitakavyomshukuru, nikafika mlangoni nikaanza kulia kama mtoto. Akaniketisha kwenye zulia. Hibaq, binti yake, akaleta chai ya hiliki.

Nilipotulia nikamweleza habari yote ya dirisha, mikate, lori, usingizi wa Mativo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza Mativo hulala kuanzia saa ngapi. Nikamwambia. Akasema watoto wanaweza kulala asubuhi na kucheza alasiri, kwake ni sawa tu, ni kugeuza ratiba. Alisema hivyo kama mtu anayesogeza kiti.

"Nilikuwa namwona anaingia asubuhi anayumba," akasema. "Nilidhani ni mlevi. Nikasema maskini huyo mama, ndiyo maana hana raha. Nikawa nawaambia watoto waimbe kwa nguvu, ili mkigombana majirani wasisikie."

Nikacheka na machozi bado usoni. Nikamuuliza, sijui kwa nini ilikuwa lazima nijue, kama kuna alichowahi kusikia kutoka kwetu.

Aliweka kikombe chini.

"Yale matundu yenu yako juu ya kamba yangu ya nguo, Mama Nzivo. Nilisikia yote. Eastleigh, masufuria, hawa watu. Mimi nimezaliwa mji huu huu, Pumwani. Mama yangu amezikwa Lang'ata."

Sikuwa na pa kutazama. Nilimwambia naomba msamaha, na sikuongeza neno, kwa sababu kila nililolifikiria lilikuwa la kujitetea. Yeye hakuniambia kwamba si kitu. Alisema, "Nimekusikia," akanimiminia chai nyingine, na tukainywa.

Nimekuwa nikiwaza tangu nirudi. Alikuwa amesikia, na bado alikuwa akimkaribisha mama mkwe wangu mlangoni kwake kila siku. Mimi kwake ningefanya hivyo? Sidhani. Naona aibu, na naiandika kama ilivyo.

Ijumaa, 1 Agosti

Shule zimefungwa. Mureithi amekuja kupima tena. Hana maneno mengi safari hii, amesikia yaliyotupata. Alisimama akitazama ukuta juu ya fremu, akasema angepaswa kutazama juu siku ile ya kwanza, yeye alikuwa anauza kioo tu. Nimemwambia mimi nilikuwa nanunua kioo tu.

Nimechagua kimoja kinene, chenye utando katikati, na raba zake. Matundu yanabaki. Amesema anaweza kuyajengea kwa nje kiboksi chenye kona kona, hewa ipite na sauti ipungue. Haitaisha kabisa. Nimemwambia isiishe.

Jumanne, 5 Agosti

Dirisha limefungwa. Mwaitu amelikagua, ameinua mkono mpaka kwenye tundu kuhakikisha upepo unapita. Kliniki imemwambia macho yake yako sawa. Anasema anataka kurudi kwao, na mimi nimemwomba abaki mpaka mwisho wa mwezi. Nimemwambia wazi kwamba si kosa lake. Alijibu kwamba alibeba jiko kwa mikono yake miwili. Nikamwambia na mimi niliziba kwa yangu. Tukaachia hapo.

Jumatatu, 11 Agosti

Mativo amerudi kazini usiku wa jana. Nimekesha. Ameingia asubuhi mzima, ananuka mikate, amekunywa uji akaenda kulala.

Jumanne, 12 Agosti

Niko likizo, kwa hiyo leo ndiyo mara ya kwanza kushinda nyumbani tangu ratiba mpya. Mwaitu alikwenda kwa Mama Hibaq na kiondo chake. Mativo alilala. Watoto walilazwa, kama tulivyopatana. Nikaanza kuchambua mchele mezani.

Nyumba ikawa kimya. Hakuna gari, hakuna mtoto, hakuna nailoni. Ndicho nilichokitaka tangu Januari, nilichokilipia, na nikajikuta nimeacha mchele na mikono imekuwa baridi. Nikaenda mlangoni kwa chumba. Nikasikiliza. Mativo hakuwa anakoroma. Nikaingia, nikanusa hewa, nikatazama sakafuni kama kuna jiko, nikatazama matundu. Nikaweka mkono chini ya pua yake na sikuhisi kitu, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vimeganda kwa baridi. Nikamshika bega nikamtikisa kwa nguvu nikimwita jina.

Akaruka akaketi. Alinitazama, na akaelewa.

"Watoto wa watu wamenyamazishwa mtaa mzima," akasema taratibu, "sasa ni wewe."

Akanishika mkono akaniweka kando yake, akajilaza tena, lakini usingizi ulikuwa umekwisha, na usiku ana safari ya mikate. Nilikaa pale nikijua kwamba kesho nitamwamsha tena, na kesho kutwa, sitaweza kujizuia.

Kwa hiyo nimevaa kandambili nikazunguka mpaka kwa Mama Hibaq. Mwaitu alikuwa mlangoni, Mama Hibaq anakunja nguo, watoto wamelala kwenye mikeka chumba cha ndani. Nimewasalimia. Kisha nimemwomba kama asubuhi anaweza kuwaacha wawili watatu nje, wasiotaka kulala, wazungumze tu chini ya dirisha letu.

Ameacha kukunja akaniuliza kama nina uhakika, maana hawa hawajui kuzungumza polepole.

Nimemwambia nina uhakika. Nimemwambia nikiwasikia wao, nitamwacha mume wangu alale.